Kumlisha mtoto mchanga na mdogo wakati wa dharura: mwongozo kamili, kuanzia titi mpaka kikombe

Mafuriko yakiingia, tetemeko likibomoa nyumba au vita ikilipuka watu wakakimbia na nguo walizovaa, watu wengi wenye moyo mzuri wakiwaza watoto wanawaza makopo ya maziwa, wanachanga, wananunua, wanapakia kwenye lori na kugawa kwa kila mama atakayenyoosha mkono. Na hapo ndo watoto wanapoanza kuugua. Manake kopo lenyewe halitoshi, linataka maji safi, moto wa kuchemshia, sabuni, chombo kisafi, na mtu anayejua kupima, na hivo vitu vyote ndo dharura imeshavichukua.

Haya yameshatokea na yameandikwa. Baada ya tetemeko la Yogyakarta kule Indonesia, Mei 2006, watoto ambao familia zao zilipokea msaada wa maziwa ya kopo waliharisha karibu mara mbili ya wale ambao hawakupokea. Mwanzoni mwa mwaka huohuo Botswana ilipata mvua kubwa, maji ya kunywa yakachafuka, kuhara kukaenea nchi nzima, na wachunguzi walipoingia wakakuta walioumia na kufa kwa wingi ni watoto waliokuwa hawanyonyi, wengi wao wakitumia maziwa ya kopo yaliyokuwa yanatolewa bure kwa nia nzuri kabisa ya kuwakinga na VVU. Kwahiyo mwongozo huu unaanza na titi, alafu kwa mtoto ambaye kweli hana titi tunamfanyia maandalizi ya kopo kwa umakini wote, manake naye ana haki ya kuishi na hatumwachi.

Hatua ya 1: Uliza kabla hujampa mtoto kitu chochote

Wewe uwe baba, bibi, jirani au mtu wa kujitolea kambini, maswali ni machache tu. Mtoto ana umri gani? Ananyonya? Kuna kitu kingine anapewa, maji, uji, maziwa mengine? Kuna shida yoyote wakati wa kunyonya? Mama yake yuko wapi? Majibu yanakuambia mtoto yuko kundi gani: yuko chini ya miezi 6 na ananyonya tu, yuko chini ya miezi 6 anachanganyiwa, yuko chini ya miezi 6 hanyonyi kabisa, au ameshavuka miezi 6.

Kabla ya hapo lakini mwangalie mtoto mwenyewe. Mtoto aliyelegea, hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, ana degedege, anapumua kwa shida au mwili ni wa baridi, huyo sio wa maswali ni wa kukimbizwa kwa mhudumu wa afya sasahivi. Na mama na mtoto wasitenganishwe, kwenye lori, kwenye foleni, kwenye hema, hata pale mmoja wao anapolazwa, mradi ugonjwa wenyewe hauwalazimishi.

Hatua ya 2: Mshike mama kwanza

Hii watu wanairuka sana. Mama amekimbia usiku, hajala, hajui mume yuko wapi, kapoteza watu, alafu mtoto analia na kila anayepita anamwambia "maziwa yamekauka kwa mawazo". Hapana. Mshtuko haukaushi maziwa. Unachofanya ni kuchelewesha yasishuke kwa muda, yaani maziwa yapo ila homoni inayoyasukuma inagoma mpaka mama atulie kidogo. Mtoto akiendelea kuwekwa kwenye titi, mama akapata pa kukaa, mtu wa kumtia moyo na faragha kidogo, yanashuka. Ni hatari sana kumwambia mama kwamba maziwa yake yameisha, manake akiamini atapunguza kunyonyesha, na akipunguza ndo yanapungua kweli.

Kwahiyo fanya hivi. Mtafutie mahali pa kivuli, penye usiri, hata kama ni kona ya hema iliyozibwa kwa shuka. Mpe maji ya kunywa anywe kila akisikia kiu. Mpe chakula, mwenye kunyonyesha anahitaji kula zaidi ya kawaida yake, kama mlo mdogo mmoja wa ziada kwa siku, na kwenye foleni ya chakula na maji apite mbele. Mpokee mtoto mkubwa anayemsumbua. Kama kuna eneo la kina mama na watoto kambini mpeleke, akae na wenzake wanaonyonyesha.

Na mama aliyekonda je? Ananyonyesha. Mama mwenye utapiamlo anatengeneza maziwa yanayomtosha mtoto isipokuwa hali ikiwa mbaya sana, na dawa yake ni kumlisha mama, mama naye atamlisha mtoto. Ukimpa mtoto kopo umewaacha wote wawili na njaa.

Hatua ya 3: Kunyonyesha kwenyewe

Mtoto aliyezaliwa hata katikati ya vurugu awekwe kifuani ngozi kwa ngozi na aanze kunyonya ndani ya saa 1. Yale maziwa ya kwanza mazito ya njano, dang'a, yasikamuliwe yakamwagwa, hayo ni kinga yake ya mwanzo, na kifua cha mama kinampa joto ambalo mahali pasipo blanketi ni kitu kikubwa mno.

Mpaka atimize miezi 6 ni maziwa ya mama peke yake. Hakuna maji, hakuna maji ya sukari, hakuna uji mwepesi, hata kama jua ni kali kiasi gani. Maziwa ya mama yana maji ya kutosha ndani yake, joto likizidi mnyonyeshe mara nyingi zaidi. Dawa zilizoandikwa na mhudumu na maji ya ORS (mchanganyiko wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) akiharisha, hizo tu ndo zinaruhusiwa.

Jinsi ya kumweka: tumbo la mtoto ligusane na tumbo la mama, kichwa na mwili viwe mstari mmoja asipinde shingo, pua ielekee chuchu. Subiri afungue mdomo wazi kabisa alafu mlete yeye kwenye titi, sio titi kumfuata yeye. Akishika vizuri kidevu kinagusa titi, mdomo wa chini umejikunja nje, weusi unaozunguka chuchu unaonekana zaidi juu kuliko chini, na mama hasikii maumivu. Akisikia maumivu mtoto kashika chuchu tu, mtoe taratibu kwa kuingiza kidole pembeni ya mdomo uanze tena. Vidonda vingi vya chuchu vinatokana na hapo.

Mtoto mchanga anyonye mara 8 mpaka 12 kwa saa 24, usiku pia, na usiku usiuache manake ndo unaosaidia maziwa kuongezeka. Utajuaje anashiba? Anakojoa mara 6 au zaidi kwa siku mkojo usio wa njano kali, anaongezeka uzito, na unamsikia akimeza. Kulia peke yake sio ushahidi wa njaa, kwenye kambi mtoto analia kwa baridi, kelele, joto na hofu ya mama anayoisikia mwilini.

Mama akilazimika kumwacha kidogo, kwenda kufuata mgao au kujiandikisha, anawe mikono, akamue kwa mkono kwenye kikombe kisafi chenye mfuniko. Kwenye kivuli pasipo na joto kali yanakaa saa 4 hivi. Mtoto anyweshwe kwa kikombe.

*Mama mwenye VVU.* Akiwa anatumia ARV, dawa za kufubaza VVU, ipasavyo ananyonyesha kama wengine, titi peke yake miezi 6, alafu anaendelea pamoja na chakula kingine. Cha kupigania ni dawa zisikatike kwenye vurugu, kwahiyo jambo la kwanza akifika sehemu mpya ni kuulizia ARV zake. Dawa zikikatika asiachishe mtoto kwa kukurupuka, aonane na mhudumu haraka. Mama mwenye kipindupindu au kuhara naye anaendelea kunyonyesha, akinawa mikono.

Hatua ya 4: Mtoto anachanganyiwa, au aliacha kunyonya

Hapa ndo kuna watoto wengi wa kuokolewa, na watu wanakata tamaa mapema. Mama aliyekuwa anachanganya titi na kopo anaweza kurudi kwenye titi peke yake. Aongeze mara za kunyonyesha, kila safari aanze na titi ndo kopo lifuate, alafu kopo lipunguzwe kidogokidogo kwa siku kadhaa huku mkojo na uzito vikiangaliwa. Usikate kopo siku moja.

Aliyeacha kabisa, hata wiki au miezi iliyopita, maziwa yanaweza kurudi. Hata bibi au shangazi aliyewahi kunyonyesha anaweza. Kinachorudisha maziwa ni kunyonywa, sio dawa wala supu. Mtoto awekwe kifuani muda mwingi, aweke mdomo kwenye titi mara 8 mpaka 12 kwa siku, na kwa kuwa mwanzoni hakuna kitu atakasirika, wahudumu wanatumia mpira mwembamba: ncha moja iko kwenye kikombe cha maziwa, ncha nyingine imebandikwa pembeni ya chuchu, mtoto akinyonya anapata maziwa ya kikombe huku titi linachochewa. Maziwa ya mama yakianza kutoka kikombe kinapunguzwa. Kazi hii ni ya siku nyingi, kwa wengine wiki, na mama anahitaji mtu wa kukaa naye kila siku amwambie anaendelea vizuri.

Mtoto asiye na mama, uliza kwanza kama kuna mwanamke mwingine anayenyonyesha aliye tayari kumnyonyesha, ikiwezekana apimwe VVU kwanza, na yeye na mtoto wake wapewe chakula cha ziada. Familia zikubaliane, asilazimishwe mtu.

Hatua ya 5: Mtoto asiye na titi kabisa

Mama amefariki, hajulikani alipo, anaumwa sana, au mtoto alikuwa wa kopo tangu zamani na haiwezekani kurudi. Huyu anahitaji maziwa ya kopo ya watoto wachanga, ya uhakika, bila kukatika mpaka afike angalau miezi 6, na apewe mgao wake kwa kuandikishwa jina sio kwa kutupiwa kwenye umati. Maziwa mazito ya sukari ya kopo, unga wa kuwekea kwenye chai, maziwa ya unga ya watu wazima, hayo sio chakula cha mtoto mchanga.

Ukipata ya maji yaliyo tayari kunywewa, siku za mwanzo hayo ni salama zaidi kwa kuwa hayachanganywi na chochote, mradi kikombe ni kisafi na kilichobaki baada ya kufunguliwa hakikai juani.

Ya unga yana jambo ambalo wengi hawalijui: unga wenyewe sio safi kabisa, unaweza kuwa na bakteria kama Salmonella na Cronobacter, na kwa mtoto mchanga hao wanaua. Ndo maana maji ya uvuguvugu au ya kutiwa dawa ya klorini peke yake hayatoshi, joto la maji ndo linaloua bakteria wa kwenye unga. Fuata mpangilio huu:

1. Nawa mikono kwa sabuni, safisha sehemu unayoandalia.
2. Osha kikombe na kijiko kwa sabuni na maji, alafu chemsha.
3. Chemsha maji mpaka yatokote kwelikweli. Usiyaache zaidi ya nusu saa baada ya kuchemka, yawe bado na joto la nyuzi 70 za Selsiasi au zaidi unapochanganya.
4. Soma kopo. Mimina maji kwanza kwa kipimo, alafu weka unga kwa kijiko kilekile cha ndani ya kopo, kimesawazishwa juu. Usipunguze unga ili kopo lifike mbali, mtoto atakonda huku tumbo limejaa maji. Usizidishe pia, figo zake hazitaweza.
5. Poza kwa kuweka kikombe kilichofunikwa ndani ya maji baridi, jaribu tone kwenye kifundo cha mkono, lisiunguze.
6. Anywe saa hiyohiyo. Ndani ya saa 2 kilichobaki kinamwagwa. Inauma kumwaga, najua, ila maziwa yaliyokaa ndo yanayomuua.

Kiasi? Chukua uzito wake kwa kilo zidisha kwa mililita 150, gawa kwa mara 8. Mtoto wa kilo 4 ni mililita 600 kwa siku, yaani 75 hivi kila mlo. Watoto hawafanani, mwingine ataacha kidogo mwingine ataomba zaidi, uzito wake ndo utakuambia. Asiachwe peke yake na chombo cha maziwa mdomoni.

Chupa tupa, shika kikombe

Chupa na chuchu yake ya mpira vina kona ambazo hazisafishiki bila brashi, sabuni na maji mengi. Kikombe kilicho wazi unakiona mpaka chini. Mtoto wa siku chache anaweza kunywa kwa kikombe, hata aliyezaliwa njiti.

Awe ameamka. Mpakate akiwa amekaa karibu wima, mikono umeifunga kwa kitambaa isipige kikombe. Kikombe kiguse mdomo wa chini, kiinamishe mpaka maziwa yafike tu kwenye mdomo, alafu tulia. Yeye mwenyewe atalamba au atafyonza. Usimmwagie, akimwagiwa anapaliwa. Akifunga mdomo kashiba au anapumzika, subiri. Mwanzoni atamwaga mengi kwenye nguo, weka kitambaa, baada ya siku chache mtazoeana.

Hatua ya 6: Kuanzia miezi 6

Titi linaendelea mpaka miaka 2 na zaidi, na chakula kinaingia. Shida ya dharura ni kwamba mgao wa familia, nafaka na mafuta na maharage, haukutengenezwa kwa mtu asiye na meno.

Miezi 6 mpaka 8: anza na vijiko vya chakula 2 au 3, panda taratibu mpaka nusu kikombe cha mililita 250, mara 2 mpaka 3 kwa siku. Miezi 9 mpaka 11: nusu kikombe, mara 3 mpaka 4, kilichopondwa au kukatwa vipande vidogo. Mwaka 1 mpaka 2: robo tatu ya kikombe mpaka kikombe kizima, mara 3 mpaka 4, na kitafunwa kimoja au viwili katikati. Asiyenyonya aongezewe mlo mmoja au miwili na maziwa kikombe 1 mpaka 2 kwa siku.

Uji mwepesi unaotiririka ni maji tu, tumbo lake ni dogo na litajaa kabla hajapata kitu. Uwe mzito, ukae kwenye kijiko usidondoke. Ongeza mafuta kijiko cha chai, ponda maharage toa maganda, na kitu chochote cha mnyama kikipatikana, yai, samaki, nyama iliyosagwa, mtoto huyu ndo apewe kwanza kabla ya wakubwa. Biskuti za nguvu za msaada zinapondwa na kulowekwa kwenye maji yaliyochemka. Vile vipakiti vya unga wa virutubishi, kimoja kwa siku, unachanganya kwenye chakula kilichoiva tayari na kupoa kidogo, usikipike nacho. Asali asipewe kabla ya mwaka 1.

Mpe sahani yake mwenyewe. Kwenye sinia la pamoja na ndugu zake wakubwa hawezi kushindana. Kaa naye, mwangalie usoni, ongea naye, usimlazimishe. Mtoto aliyeona mabaya hukataa kula na mlo unaweza kuchukua muda mrefu, na muda huo ni sehemu ya matibabu yake. Chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa 2 bila kupashwa mpaka kichemke.

Hatua ya 7: Akiugua, na kumpima mkono

Akiharisha, usiache kunyonyesha wala kulisha. Ongeza. ORS pakiti moja kwenye lita 1 ya maji salama, aliye chini ya miaka 2 apewe mililita 50 mpaka 100 kila akiharisha, kwa kijiko au kikombe taratibu, akitapika subiri dakika 10 uendelee. Pakiti hakuna? Lita 1 ya maji salama, sukari vijiko vya chai 6 na chumvi nusu kijiko cha chai, vyote vimesawazishwa, na usikisie chumvi, ikizidi ni hatari. Zinki siku 10 mpaka 14, miligramu 20 kwa siku, aliye chini ya miezi 6 miligramu 10. Damu kwenye choo, macho yamezama, utosi umebonyea, hana mkojo, nenda kituoni.

Utepe wa kupimia unene wa mkono ni kwa watoto wa miezi 6 mpaka miaka 5, unapimwa katikati ya bega na kiwiko cha mkono wa kushoto. Chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, 11.5 mpaka chini ya 12.5 ni wa kati. Bonyeza pia upande wa juu wa nyayo zote mbili kwa kidole gumba kwa sekunde 3, shimo likibaki miguu yote miwili ni utapiamlo mkali hata kama mkono ni mnene. Huyo anapelekwa kwenye programu ya lishe apate chakula tiba, na hicho chakula tiba ni dawa yake, hakigawiwi kwa ndugu zake. Akiwa na utapiamlo mkali na anaharisha, ORS ya kawaida usimpe kwa kukisia, mhudumu ana mchanganyiko wake maalum.

Kama unataka kusaidia kutoka mbali

Usitume maziwa ya kopo, chupa wala chuchu. Kanuni ya kimataifa ya uuzaji wa vibadala vya maziwa ya mama ipo tangu 1981, na mwaka 1994 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulizitaka nchi ziwe na tahadhari kubwa na misaada ya aina hiyo kwenye dharura. Mwongozo wa kimataifa unaotumika na mashirika ya misaada unasema wazi isiombwe wala isipokelewe, maziwa ya watoto wachache wanaoyahitaji kweli yananunuliwa na wanaosimamia lishe kadiri ya idadi iliyoandikishwa. Tuma pesa, au sabuni, ndoo zenye mfuniko na bomba, sufuria, vikombe, vitambaa vya kujifunika, chakula cha mama.

Na kama makopo yameshafika na yako kwenye stoo, yasigawiwe hata moja pale mlangoni. Yahesabiwe, tarehe za kuisha zikaguliwe, yakabidhiwe kwa mratibu wa lishe au ofisi ya afya ya eneo hilo, wao waamue ni watoto gani na kwa uangalizi gani, na kila mtoto anayepewa afuatiliwe uzito wake angalau mara 2 kwa mwezi.